Jipiesi Kwenye Ndoo ya Dagaa

Siku ya kwanza tu tulimwagiwa maji ya samaki. Na wala haikuwa bahati mbaya. Yule mama alinyanyua beseni, akaangalia miguu yetu sote watatu, akachagua ya Manyanda, akamwaga.

"Msukuma wewe, umemaliza kuswaga ng'ombe sasa umekuja kuswaga watu?" akasema. "Toa kwato zako kwenye uwanja wangu."

Manyanda akaangalia viatu vyake vimejaa magamba ya samaki, akacheka mpaka akashika magoti.

"Mfipa!" akanipigia kelele. "Dulla, nimempata Mfipa wangu! Tangu nitoke nyumbani Inyonga sijatukanwa vizuri, nilishaanza kuumwa."

Kama hujakaa huku kwetu Mpanda utasema hawa watapigana sasa hivi. Hapana. Msukuma na Mfipa ni watani. Anakutukana wewe, mama yako na mbuzi wenu, na wewe ukinuna unaonekana huna akili. Kwenye msiba wako atakuja kulala njiani jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Ndiyo heshima yenyewe hiyo. Kwa hiyo sisi tukacheka, majirani wakacheka, na Hadia, mwenzetu wa tatu, ambaye hakupenda harufu, akacheka kwa mbali.

Yule mama anaitwa Verdiana. Anauza dagaa na migebuka inayotoka Karema, pale kwenye kona ya Mtaa wa Miyombo. Ana meza moja, na nyuma ya meza ana vichanja vya kuanikia, kwa sababu samaki wa kipindi cha mvua wanafika wamelowa, usipowaanika siku hiyo hiyo umepoteza. Kona ni eneo la wazi la mtaa, siyo lake kwa hati. Lakini amekaa pale tangu mume wake yuko hai, na watu wakikuelekeza njia wanakwambia, "Ukifika kwa Verdiana, kata kulia."

Sisi tulikuwa fildi. Chuo chetu kilikubaliana na manispaa kwamba wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa mipango miji wasikae tena darasani kuchora miji ya kufikirika. Kila kundi lipewe tatizo la kweli, na wakipata jibu, jibu lijengwe. Kundi letu tukapewa taka za Mtaa wa Miyombo. Watu wa pale walikuwa wanatupa taka kwenye korongo nyuma ya nyumba, mvua ikinyesha korongo linawarudishia mlangoni. Kazi yetu ilikuwa kutafuta sehemu ya kujenga kizimba cha taka, gari lifike kuzoa, wananchi wakubali kwenye mkutano, tuchore, tukabidhi. Hadia ndiye kiongozi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anasoma kweli. Manyanda alipewa kupima. Mimi nilipewa kupiga picha, maana ndiyo kazi ambayo hata mtu mjinga hawezi kuiharibu sana.

Sehemu ya kwanza tuliyochagua ilikuwa ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Athuman. Akatoka na miwani yake, akatuangalia, akasema, "Vijana, hapa hapana." Akarudi ndani. Hakutukana wala hakupandisha sauti. Hadia akafuta ile alama kwenye ramani dakika hiyo hiyo.

Sehemu ya pili ilikuwa karibu na kigango cha kanisa. Katekista akatuuliza kama kwetu chuoni tunasalia jalalani. Tukafuta.

Ya tatu ikawa kona ya Verdiana. Yeye hakusema hapana. Alisema mambo mengi sana, na yote yalichekesha, kwa hiyo tukabaki.

Kila tukifika, tamthilia inaanza.

"Wewe mtoto wa kambare," Verdiana anamwambia Manyanda, "hiyo tepu unapima nini? Unapima kaburi lako?"

"Napima tumbo lako mama, nione kama litapita barabarani."

"Nitakuzika hapo hapo unapochuchumaa."

"Unizike na migebuka miwili, nisife njaa njiani."

"Nitakuzika na mavi ya ng'ombe, ndiyo ndugu zako."

Watu wanasimama. Bodaboda wanazima pikipiki wasikilize. Mimi narekodi na simu. Hadia, akiandika ripoti ya wiki, aliandika kwamba wakazi wameupokea mradi kwa bashasha kubwa. Hakudanganya, mimi mwenyewe niliiona hiyo bashasha, nina video zake.

Ila kuna siku moja, mchana, watu hawapo, Verdiana alimwita Manyanda akamsogelea karibu kabisa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe nakula embe. Akasema kwa sauti ya chini, "We kijana, sikiliza. Sasa nasema kweli. Hapa msijenge."

Manyanda akaweka mkono kifuani. "Na mimi mama nakupenda kweli."

Verdiana akamwangalia muda mrefu. Halafu akachukua mgebuka mbichi kwenye beseni akampiga nao shavuni. Paaa! Manyanda akaenda kumhadithia kila mtu, na ile alama ya magamba shavuni hakuifuta mpaka jioni.

Mkutano wa mtaa ulifanyika Jumamosi, nje ya ofisi ya mtaa, kwenye mabenchi ya shule. Mwenyekiti wa mtaa, Bartolomeo, alivaa koti. Manispaa walimtuma afisa wao anayesimamia mradi wetu, Bwana Lyamba, mtu mwenye haraka, ambaye kila anapokaa anaangalia pikipiki yake kama inaibiwa. Hadia akasimama akaeleza vizuri: korongo, kipindupindu, gari la taka, kona. Akaonyesha mchoro. Watu wakapiga makofi, maana kila mtu alitaka kizimba, mradi tu kisiwe kwake.

Verdiana akanyoosha mkono. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Hilo nililiona lakini sikulifikiria.

"Mimi nina neno dogo," akasema. "Nzi. Kizimba kikikaa pale, nzi wanahamia kwenye samaki wangu. Nani atanunua samaki mwenye nzi wa jalalani? Na vichanja navipeleka wapi? Mimi sina shamba, sina—"

"Mwenyekiti!" Manyanda akadakia toka nyuma. "Huyu anapotosha mkutano. Nzi wenyewe watahama kwake waende kwenye taka, wakapumzike na harufu yake!"

Uwanja mzima ukapasuka. Kuna mzee alianguka na benchi. Bartolomeo alitoa leso akafuta machozi, akasema, "Msukuma, Msukuma, Mungu anakuona." Hata Bwana Lyamba, ambaye kwao ni pwani huko na hakuelewa vizuri kinachoendelea, alicheka kwa kufuata wenzake.

"Mwenyekiti, niandike nimekataa," Verdiana akasema.

"Tumekuandika mama, na mtani wako amekujibu. Ngoma droo!"

Wakacheka tena.

"Bartolomeo. Nasema niandike."

"Haya haya, kaa mama, usije ukatupiga radi bure." Wafipa wanasifika kwa kutuma radi, kwa hiyo hapo ndiyo wakamaliza kabisa, watu hoi. Wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ikajaa. Verdiana peke yake aliiacha mikono kwenye mapaja, uso mkavu. Mimi nikamnong'oneza Hadia, "Mama anaigiza huyu, angekuwa Dar angekuwa staa."

Jumatatu asubuhi tukaenda kuchukua vipimo vya mwisho. Bwana Lyamba alituazima jipiesi ya manispaa, kile kidude cha mkononi kinachosoma mahali ulipo kwa satelaiti. Alituapisha. Akasema iko moja tu, na ikipotea atatuuza sisi. Manyanda akasimama katikati ya kona, kidude mkononi, anasubiri kishike mtandao.

Verdiana akatoka nyuma ya meza. Hakuja na tusi. Alimpokonya ile jipiesi mkononi, akarudi kwenye meza yake, akaidumbukiza kwenye ndoo ya dagaa wakavu, akaweka kifuniko, akakaa juu yake.

Hadia akapiga yowe. Manyanda? Manyanda alifurahi kuliko siku zote.

"Amenikamata!" akawaambia watu. "Mnaona? Mfipa amenikamata! Sasa lazima nigomboe." Maana utaratibu ndiyo huo. Mtani akichukua kitu chako, huwezi kumnyang'anya wala kumshitaki. Unampa kitu, anakurudishia, mnacheka. Wengine hapo ndipo urafiki wa kweli unapoanzia.

Akakimbia dukani akarudi na soda ya baridi. Akapiga goti. "Mfalme wa Ufipa, pokea kodi."

Verdiana hakuiangalia.

"Soda ndogo? Haya, unataka nini? Sukari? Kitenge? Unataka unioe?"

Watu walishaanza kujaa. "Mama kaza!" wanasema. "Mdai ng'ombe, Wasukuma wanao!" Verdiana amekaa tu juu ya ndoo, ameshika magoti.

Hadia alikuwa hachekeshwi na lolote. Akampigia simu Bwana Lyamba. Afisa akafika na pikipiki vumbi linamfuata, anafoka kabla hajazima injini.

"Iko wapi? Nani kachukua? Mwenyekiti, niitie mgambo! Mali ya serikali hiyo!"

Bartolomeo akamshika bega. "Afisa, taratibu. Hapa hamna wizi. Hawa ni watani. Huyu kijana atatoa kitu kidogo, kifaa kinarudi."

"Watani?"

"Watani."

Bwana Lyamba akashusha pumzi, akajifuta shingo. Ungeona alivyopona. Maana kidude kikiibiwa mikononi mwa wanafunzi, yeye ndiye aliyewapa. "Kumbe utani," akasema, akaanza na kucheka. "Basi mgomboe upesi bwana, nina kikao."

Ukweli ni kwamba pale kila mtu alitaka iwe utani. Bartolomeo alitaka, mtaa wake usiingie kwenye kesi. Hadia alitaka, ripoti yake isichafuke. Mimi nilitaka, nimalize video. Manyanda ndiye alitaka kuliko wote. Akaenda kwa mama mmoja jirani akanunua jogoo, jekundu, zuri, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge. Akaja nalo analipeperusha juu kama bendera, akaliweka miguuni mwa Verdiana.

"Mtani, umenishinda," akasema. "Kula jogoo, nirudishie macho yangu."

Makofi. Vigelegele.

Verdiana akainama. Akaifungua ile kamba taratibu. Jogoo likakaa kidogo halijaamini, halafu likanyanyuka likakimbia, likavuka barabara likapotelea kwenye uchochoro. Hakuna aliyelikimbiza. Makofi yalikufa moja moja.

"Haigombolewi," Verdiana akasema. "Nimeiba."

"Mama," Bartolomeo akaanza.

"Nimeiba mali ya serikali. Sikutania. Wewe mwenyekiti, mtu akiiba mali ya serikali anapelekwa wapi?"

"Mama Verdiana, usijitafutie matatizo bure."

"Nimekuuliza. Anapelekwa wapi?"

"Kwa mtendaji wa kata."

"Akifika anaulizwa nini?"

Bartolomeo akakohoa. "Anaulizwa kwa nini ameiba."

"Na akijibu, wanaandika?"

"Wanaandika."

"Wanacheka?"

Bartolomeo akatikisa kichwa.

"Basi nipelekeni."

Nilishusha simu. Sijui kwa nini, ila mkono ulishuka wenyewe. Bwana Lyamba akawa anaangalia huku na huku kama mtu aliyepanda basi siyo lake. "Sasa hii ni nini?" akauliza. "Mmesema utani. Ni utani au siyo utani? Aliyenyang'anywa ni nani?"

Watu wote tukamgeukia Manyanda.

Manyanda akajaribu. Alichanua lile tabasamu lake, akasema, "Afisa, msamehe bure, huyu Mfipa jana alilala na njaa..." Akaishia hapo. Hakuna mtu aliyecheka. Hapo ndiyo nilimwona kwa mara ya kwanza mtu akitafuta utani wa kusema akaukosa, macho yanamtembea.

"Manyanda," Verdiana akasema. Siku zote hakuwahi kumwita jina lake. "Nilikwambia kweli, ukanichekea. Nilisema kwenye mkutano, ukafanya nichekwe mbele ya mtaa mzima. Tangu Jumamosi wateja wananiuliza bei huku wameshika pua, wanasema nzi wamekwenda kupumzika. Wanadhani wananitania. Wewe ukisema sasa hivi nimetania, mimi naenda nyumbani, na kesho mnachimba. Kwa hiyo sema. Nimefanya nini?"

"Mama, wakikuandika mwizi..."

"Hilo la kwangu. Nimefanya nini?"

Hadia akamnong'oneza, "Sema utani, Manyanda. Sema utani tuondoke." Nilisikia. Verdiana pia alisikia, akamwangalia Hadia kwa jicho ambalo mpaka leo akilikumbuka anabadilisha mazungumzo.

Manyanda akasema, akiangalia chini kwenye vumbi, "Ameiba."

"Kwa sauti."

"Ameiba! Ameninyang'anya, ameiba, hajatania!"

Verdiana akanyanyuka juu ya ndoo. Akajitwika ndoo kichwani, jipiesi ikiwa humo humo, akakataa kumkabidhi Bwana Lyamba. Akasema mwizi anafika na kidhibiti. Akatangulia yeye mbele, mgambo hawajaitwa, sisi na afisa na mwenyekiti tukamfuata nyuma kama sisi ndiyo tuliokamatwa. Njia nzima hakuna aliyemtania. Watu walikuwa wanajitoa pembeni.

Kwa mtendaji wa kata alikaa kwenye kiti, akaulizwa jina, umri, dini, kazi. Kisha akaulizwa kwa nini. Akajibu. Alianza na vichanja, akaja kwa nzi, akaja kwa Mzee Athuman na kigango, kwamba wao walisema neno moja likatosha, na yeye alisema maneno ya wiki nzima yakawa burudani. Alieleza jinsi samaki aliyelowa anavyoharibika kwa nusu siku. Alieleza kwamba alikataa kwenye mkutano na akaomba aandikwe. Mtendaji, mama mmoja wa makamo ambaye hakuwa Mfipa wala Msukuma, akamuuliza Bartolomeo kama hilo la mwisho ni kweli. Bartolomeo akasema muhtasari ameusahau nyumbani. Mtendaji akaandika na hilo. Akaandika yote, polepole, kwa mkono, na Verdiana akawa anamsubiri amalize mstari ndiyo aendelee.

Hakuna aliyecheka. Mtuhumiwa huwezi kumcheka ofisini.

Kwa sababu pingamizi lake lilikuwa kwenye maandishi ya kesi, Bwana Lyamba hakuweza kujenga. Kona ikasimamishwa. Verdiana akapewa onyo kali, na ikabaki kwenye rekodi ya kata kwamba alichukua mali ya umma. Kidude kilisafishwa lakini kinanuka dagaa hadi leo, na Bwana Lyamba akimwazima mtu anaanza kwanza kumtukana, siyo kwa utani.

Mtaa ukamkasirikia. Ilinyesha wiki ile ile, korongo likawarudishia taka zao mlangoni kama kawaida, wakasema ni kwa sababu ya Mfipa na samaki wake. Wengine wakaacha kununua kwake wakawa wanakwenda mpaka sokoni. Wengine walirudi, kwa sababu migebuka yake ni mizuri na sokoni ni mbali. Mzee Athuman aliposikia kwamba ramani inaweza kurudi ubavuni kwake, alitufukuza dukani tulipokwenda kununua misumari. Chuo wakatupa kundi letu alama mbaya, tukaambiwa fildi turudie mwaka unaofuata, mtaa ule ule. Hadia hakusema na Manyanda kwa muhula mzima. Alisema ungekuwa neno moja tu, utani, herufi tano, na tungekuwa tumemaliza. Manyanda hakujibizana naye. Manyanda alikuwa ameacha kujibizana na watu wengi.

Tuliporudi Miyombo kuanza upya, lazima upite kwenye ile kona. Hakuna njia nyingine ya maana. Verdiana alikuwa anageuza samaki kwenye kichanja, mgongo umetugeukia. Mimi nilipunguza mwendo, nikijua kitu kitarushwa, kama siyo maji basi neno. Hadia akapita haraka.

Manyanda akasimama. Akavua kofia.

"Shikamoo mama," akasema.

Verdiana akageuka. Akamwangalia usoni, akaangalia kofia, akaangalia viatu vyake vikavu.

"Marahaba," akasema. "Hujambo?"

"Sijambo."

"Haya."

Akarudi kwenye samaki wake. Manyanda akabaki amesimama pale, kofia mkononi, kwa muda kama mtu anayesubiri chenji. Nikamvuta shati, tukaenda kupima.